Mahojiano Ndiyo Maabara: Jinsi ya Kuwainua Wanawake Watafiti wa Jenetiki ya Akili Butembo na Beni

Mwaka 2012 jarida la Epigenetics lilichapa makala fupi kuhusu akina mama 25 wa Goma, waliopatikana kupitia hospitali ya HEAL Africa, pamoja na vichanga vyao. Swali lilikuwa hili: je, mateso anayoyapitia mama akiwa na mimba huacha alama juu ya jeni za mtoto aliye tumboni? Watafiti, wakiongozwa na Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida, waliwahoji akina mama juu ya vita, ubakaji na dhiki za kila siku, kisha wakapima methili katika jeni iitwayo NR3C1. Methili ni alama ndogo za kikemikali zinazojibandika juu ya DNA na kubadili jinsi jeni inavyofanya kazi. Na NR3C1 ndiyo jeni inayotengeneza kipokezi cha kotisoli, homoni ya mfadhaiko. Ilionekana kwamba kadiri mama alivyopitia makubwa, ndivyo methili ilivyozidi kwa mtoto na uzito wake wa kuzaliwa ulivyopungua. Mwaka 2016 Darlene Kertes, wa chuo hicho hicho, aliongoza kazi nyingine juu ya akina mama wa mashariki mwa Congo, safari hii akitazama jeni nne za mfumo wa mfadhaiko.

Kazi zote mbili ziliongozwa na wanawake, na ni kazi za kuheshimiwa. Hata hivyo, katika majina manne ya waandishi wa makala ya 2012 hakuna hata moja la Mkongomani. Kufasiri maswali na kumtuliza mama anayeulizwa juu ya usiku mbaya kuliko yote maishani mwake ni kazi ambayo mgeni haiwezi peke yake, lakini haikufika kwenye orodha hiyo. Naanza na mfano huu kwa sababu ndio ulio karibu zaidi nasi wa Kivu ya Kaskazini, na kwa sababu unaonyesha wapi pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kuona daktari mwanamke wa Butembo, mwanasaikolojia wa Beni au mkunga wa Oicha akiwa mtafiti mwenye jina lake katika jenetiki ya tabia na ya magonjwa ya akili. Mazoea ni kuanza na maabara: tukipata mashine ya kusoma DNA, tukipata ufadhili wa mtu mmoja kwenda Ulaya, ndipo tutakuwa na watafiti. Naona tumeshika mkia badala ya kichwa. Katika sayansi hii kilicho adimu ni mahojiano yaliyofanywa vizuri. Mashine ipo, iko mbali, na bei yake inashuka mwaka hadi mwaka. Anayejua kumhoji mtu wa Kalunguta juu ya hofu, huzuni na sauti anazozisikia yuko hapa hapa, na mara nyingi ni mwanamke. Njia ya kumpandisha ipitie hapo.

Dai hili lina ushahidi nje ya Congo. Mwaka 2013 muungano wa kimataifa wa jenetiki ya magonjwa ya akili, unaojulikana kwa kifupi PGC, ulikusanya pamoja wagonjwa 9,240 wa sonona na watu 9,519 wasio na ugonjwa huo, kutoka tafiti mbalimbali. Haukupata hata sehemu moja ya DNA inayohusika kwa uhakika. Miaka miwili baadaye kundi la CONVERGE lilitoa matokeo kutoka China: wanawake 5,303 waliougua sonona ya kujirudia, na wanawake 5,337 wa kulinganisha nao. Idadi hiyo ilikuwa ndogo zaidi, lakini sehemu mbili zilipatikana. Tofauti kubwa ilikuwa katika namna ya kuchagua na kuhoji: wagonjwa wote walikuwa wanawake, ugonjwa wao ulikuwa mkali, na kila mmoja alihojiwa kwa kina hospitalini na mhojaji aliyefunzwa. Mwaka 2020 Na Cai na wenzake walilibana jambo hili kwa upande wa pili. Walionyesha kwamba ukimpima mtu sonona kwa swali moja au mawili ya juu juu, matokeo ya kijenetiki unayopata si ya sonona hasa. Yamechanganyika na shida nyingine nyingi za binadamu. Ni kweli kwamba tafiti za baadaye zenye mamia ya maelfu ya watu zimepata sehemu nyingi, kwa hiyo wingi nao una nguvu yake. Ila wingi huo Butembo haitaufikia peke yake. Ubora wa mahojiano tunaweza kuuanza na watu tulio nao.

Chukua swali moja tu linalokuwamo karibu katika kila hojaji ya saikosisi: umewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Mwulize mama wa Mangina aliyezika watoto wawili na ambaye kila juma huenda kwenye maombi ya usiku. Atasema ndiyo. Mhojaji asiyejua mazingira ataweka alama na kuendelea, na mama huyo ataingia kwenye hesabu ya wagonjwa wa skizofrenia. Mhojaji anayejua ataongeza: sauti hiyo huja usingizini au ukiwa macho? Ilianza kabla ya msiba au baada yake? Inakuamuru kitu? Wenzako kanisani nao hupata kama hiyo, na mchungaji anaionaje? Atauliza kwa Kinande pale Kiswahili kinapokuwa kigumu kwa mambo ya moyoni, naye atajua ni lini afunge daftari na kumwachia mama alie. Ndivyo ilivyo pia kwa maswali ya mauaji, katika wilaya yetu ya Beni, ambayo imekuwa ikizika watu wake mfululizo tangu Oktoba 2014. Iris-Tatjana Kolassa na wenzake, katika utafiti wa 2010 juu ya wakimbizi wa Rwanda 424 waliokuwa kambi ya Nakivale nchini Uganda, walionyesha kwamba uwezekano wa kupata ugonjwa wa kiwewe hupanda kadiri aina za matukio ya kutisha zinavyoongezeka katika maisha ya mtu. Ukikosea kuhesabu matukio hayo, hakuna jeni itakayokueleza chochote. Na hesabu hiyo hutoka kinywani mwa mtu anayemwamini anayemhoji.

Watu wa namna hiyo tayari tulikuwa nao, na kwa wingi. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliwapata watu 3,470 na kuua 2,287. Zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake. Katikati ya vita na hasira za watu, jaribio la dawa lililopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, lilianza Novemba 2018 na kuendeshwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Liliwahusisha wagonjwa 681, likathibitisha kwamba dawa mbili zinaokoa maisha. Kila mgonjwa, au ndugu yake, ilibidi aelezwe jaribio hilo na aridhie. Katika wodi, katika timu za kisaikolojia, na katika vyumba vya watoto ambako akina mama waliopona Ebola walibeba vichanga ambavyo mama zao walikuwa wamelazwa, wanawake wa hapa walijifunza kazi ambayo vyuo vingi havijui kuifundisha: kupata ridhaa ya kweli kwa mtu mwenye hofu, kuandika dalili bila kuongeza chumvi, kutunza siri katika mji ambamo kila mtu anamjua mwenzake. Ugonjwa ulipokwisha mikataba nayo ilikwisha, na ujuzi ule ukatawanyika madukani, mashambani na kwenye vituo vidogo vya afya. Ningeanza kwa kuutafuta. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, vyuo vya ufundi wa tiba, na ofisi za zoni za afya za Beni, Katwa, Butembo na Mabalako wanaweza kuandika orodha ya wanawake waliofanya kazi hiyo, na elimu waliyo nayo, bila kungoja mfadhili.

Sasa naomba niseme na wewe dada unayemaliza udaktari, saikolojia, uuguzi au biolojia, na ambaye jambo hili linakuvuta. Kwanza, usikubali mada ya tasnifu inayotafuta jeni moja ya tabia fulani kwa watu sitini. Mada hizo huvutia kwa sababu zinaonekana kuwezekana, lakini njia hiyo imefungwa. Mwaka 2019 Richard Border na wenzake walizipima upya jeni 18 zilizokuwa zimetajwa sana kuhusu sonona, kwa kutumia takwimu za watu wengi mno, wasipate ushahidi kwamba zina uzito kuliko jeni nyingine zozote. Magonjwa ya akili huhusisha mamia ya sehemu za DNA, kila moja ikichangia chembe ndogo. Utafiti wa skizofrenia uliochapwa 2022 ulitaja sehemu 287. Hata kazi zile za Goma, zikiwa na akina mama wachache hivyo, zichukuliwe kama dalili ya njia, zisichukuliwe kama hukumu. Badala yake, tasnifu yako na iwe juu ya kipimo. Chagua hojaji moja ya sonona, au ya kiwewe, au ya saikosisi. Ifasiri kwa Kiswahili chetu na kwa Kinande. Mpe mtu mwingine airudishe kwenye Kifaransa uone palipopotea maana. Wahoji watu, kisha linganisha matokeo na uamuzi wa daktari wa akili. Kazi ya namna hiyo haihitaji friji wala mashine. Itachapishwa, itatumiwa na kila anayekuja baada yako, na yeyote atakayetaka kufanya jenetiki katika eneo hili itambidi akutafute.

Pili, jifunze takwimu, na jifunze mapema. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu hoja yangu ina hatari yake, na adui wa kwanza wa wanawake katika sayansi angeweza kuitumia vizuri sana. Nikisema nguvu ya mwanamke iko kwenye mahojiano, kesho mkuu wa idara atasema: vizuri, akina dada watahoji, vijana wa kiume watachambua. Matokeo yatakuwa yale yale ya siku zote, wanawake wakikusanya na wanaume wakiandika. Mahojiano ni mlango wa kuingilia tu, na anayesimama mlangoni bila kuingia hatambuliwi kuwa mwenye nyumba. Programu zinazotumika katika uchambuzi wa jenetiki, kama R na PLINK, hazilipiwi. Muungano wa PGC huweka matokeo yake ya jumla hadharani, na mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuyapakua usiku mtandao unapokuwa na nafuu na kuyafanyia mazoezi. Mtandao wa H3ABioNet, ulioongozwa na Nicola Mulder kutoka Cape Town, ulianza mwaka 2016 kutoa kozi ya utangulizi wa bioinfomatiki kwa madarasa yaliyounganishwa katika nchi nyingi za Afrika. Mtindo wake wa kukusanya wanafunzi katika chumba kimoja chenye umeme na msimamizi, huku somo likitoka mbali, unafaa kabisa kuigwa Butembo. Wanawake watano au sita wakikutana kila Jumamosi katika chumba kimoja chenye betri ya sola, baada ya mwaka mmoja watakuwa wanasoma makala za fani hii na kuona makosa yake. Kifaransa peke yake hakitatosha, kwa hiyo Kiingereza cha kusoma nacho kiingie katika ratiba hiyo.

Kwamba ngazi hii inapandika, kuna wanawake wanaotuonyesha, na wawili watatu hawako mbali. Amina Abubakar wa Kenya alianza Kilifi kwa kutengeneza kipimo cha maendeleo ya watoto wadogo kinachofaa mazingira ya pwani, kilichochapwa mwaka 2008. Kutoka kwenye kipimo hicho alipanda hadi kuwa profesa, na kuwa mmoja wa viongozi wa NeuroDev, utafiti wa jenetiki ya usonji na ucheleweshaji wa ukuaji wa watoto unaofanyika Kilifi na Cape Town. Makala ya NeuroDev iliyotoa matokeo ya mwaka wa kwanza iliongozwa na mwanamke mwingine wa Kenya, Patricia Kipkemoi. Nchini Rwanda, Clarisse Musanabaganwa aliongoza makala ya mwaka 2022 iliyochunguza methili katika damu ya wanawake waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, na ya watoto wao. Mbali kidogo, nchini Yordani, mwanabiolojia Rana Dajani ameshirikiana kwa miaka na Catherine Panter-Brick na huyo huyo Connie Mulligan wa kazi ya Goma. Mwaka 2025 walichapa pamoja utafiti wa vizazi vitatu vya familia za Kisyria. Huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote kwa ajili yetu, maana unaonyesha mtafiti yule yule wa ng'ambo anaweza kufanya kazi na mwanamke wa eneo husika akiwa mwenzake kamili.

Nageuka kwa wakuu wa vitivo, waganga wakuu na wasimamizi wa miradi. Ninyi mtasikia, au mtasema wenyewe, kwamba kuwapa wanawake nafasi maalumu ni kushusha kiwango. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama uajiri wa sasa ungekuwa unafuata uwezo. Septemba 2021 tume huru iliyoongozwa na Aïchatou Mindaoudou na Julienne Lusenge, mwanaharakati wetu wa mashariki mwa Congo, ilitoa ripoti juu ya unyonyaji wa kingono uliofanywa na watumishi wa kupambana na Ebola. Iliwatambua watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake walieleza jinsi walivyoahidiwa kazi kwa kutakiwa miili yao, au kutishiwa kufukuzwa wakikataa. Hayo yalitokea katika miji yetu, ndani ya kazi ile ile ya afya na sayansi ninayoisifu hapa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuinua wanawake ni kulinda uwezo usiuzwe: tangazo la kazi libandikwe hadharani na lisomwe redioni, vigezo viandikwe kabla ya barua za maombi kufunguliwa, usaili ufanywe na watu wasiopungua watatu wakiwamo wanawake, na malalamiko yapokewe na mtu aliye nje ya mradi na nje ya idara. Masharti haya yanamsaidia pia mwanamume mwenye uwezo asiye na mjomba serikalini. Mkifanya hivyo kwa uaminifu, nadhani mtashangaa jinsi suala la nafasi maalumu linavyopungua ukali.

Linabaki jambo la muda. Kutoka asistanti hadi CT (chef de travaux), na kutoka hapo hadi udaktari wa falsafa na uprofesa, ni miaka mingi, na miaka hiyo ndiyo ya kuzaa. Mkataba wa utafiti unaohesabu miezi bila kujali uzazi humwondoa mwanamke kimyakimya, bila mtu yeyote kuonekana amekosea. Andikeni katika mkataba kwamba kila uzazi unaongeza muda, na wekeni katika bajeti nauli ya mlezi pale mama anayenyonyesha anapokwenda kwenye mafunzo. Gharama hiyo ni ndogo kuliko kumfundisha mtu upya. Wekeni pia saa za msaada wa kisaikolojia kwa wahojaji wenyewe. Mwanamke wa Beni anayesikiliza habari za mauaji siku nzima huenda anasikiliza habari za mtaa wake.

Washirika wa nje nao wana sababu zao za kutuhitaji, na ni vizuri tuzijue tunapokaa mezani. Mwaka 2019 Alicia Martin na wenzake walionyesha kwamba karibu asilimia 79 ya watu walioshiriki tafiti za jenomu walikuwa na asili ya Ulaya, ilhali watu wa asili hiyo ni kama asilimia 16 ya dunia. Walionyesha pia kwamba vipimo vya hatari ya ugonjwa vilivyojengwa juu yao hupungua usahihi kama mara nne na nusu vikipelekwa kwa watu wa asili ya Afrika. Ndiyo maana ulianzishwa utafiti wa NeuroGAP katika Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, ukiwa umepanga wagonjwa 17,000 wa saikosisi na watu 17,000 wa kulinganisha, na ndani yake mpango wa mafunzo wa GINGER kwa watafiti vijana. Congo haikuwamo katika nchi hizo nne. Zamu yetu itakapofika, tusiingie kama watoa mate. Nasema mate kwa sababu NeuroGAP ilitumia mate yaliyowekwa katika chupa yenye dawa ya kuhifadhi, yanayokaa muda mrefu bila friji. Teknolojia ipo inayofaa hata Musienene. Makubaliano yaandikwe mapema: ni nani mtafiti mkuu mwenza, makala zipi zitaongozwa na wa hapa, sampuli zitakaa wapi na kwa ruhusa ya nani zitatumika kwa swali jipya, na ni fedha kiasi gani zitabaki kwa mafunzo ya uchambuzi. Mshirika asiyetaka kuyaandika hayo mwanzoni hatayatekeleza mwishoni.

Kuna pingamizi moja ambalo silichukulii kwa wepesi. Wapo wanaosema kwamba katika mkoa ambako watu wanauana kwa majina ya makabila, jenetiki ya tabia ni kumpa mwendawazimu kisu: kesho atatokea mtu aseme kabila fulani lina damu ya ukali. Historia inawaunga mkono wenye hofu hiyo. Wabelgiji walipima mafuvu na pua katika Rwanda na Burundi, na sote tunajua vipimo hivyo vilitumiwaje baadaye. Sayansi ya leo inasema kinyume, kwamba sehemu kubwa mno ya tofauti za kijenetiki za binadamu imo ndani ya kila kundi, si baina ya makundi. Lakini mchochezi hasomi jarida. Kwa hiyo nakubali kwamba yapo maswali yasiyofaa kuulizwa hapa, na kulinganisha ukali au akili baina ya makabila ni la kwanza kati yake. Nisichokubali ni kwamba dawa ya hatari hiyo ni sisi kukaa nje. Aliyeko Florida au Boston hatajua kwamba kigezo fulani katika fomu yake, kisichomdhuru mtu yeyote kwao, kinaweza kusomwa Beni kama tuhuma. Anayejua ni mwanamke wa hapa aliyekaa katika kamati ya maadili ya utafiti akiwa na elimu ya kutosha ya jenetiki kusema hapana na kueleza kwa nini. Kamati hizo zinahitaji watu wa namna hiyo hata kama hakuna hata sampuli moja itakayochukuliwa mwaka huu.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na DNA wakati dawa za akili zenyewe ni za kutafutwa, barabara ya Beni hadi Kasindi inapitwa kwa hofu, na Goma tangu Januari 2025 iko mikononi mwa waasi wa M23. Dawa zitangulie, nakubali, na ningekataza utafiti wowote wa magonjwa ya akili ambao hauachi mahali pale tiba kwa wale waliohojiwa na kukutwa wanaumwa. Lakini familia zetu tayari zinauliza maswali ya jenetiki, na zinajibiwa vibaya. Posa inakataliwa kwa sababu shangazi wa msichana aliwahi kuugua akili. Mama anaambiwa ugonjwa wa mtoto umetoka kwenye tumbo lake. Kifafa kinahesabiwa kuwa cha ukoo, wakati kule Ituri jirani watafiti wamekihusisha kwa sehemu kubwa na usubi, ambao unazuilika kwa ivermectin. Anayeweza kusimama mbele ya familia hiyo na kueleza kipi hurithiwa, kwa kiasi gani, na kipi hakirithiwi, anaokoa ndoa na anaokoa watoto. Elimu hiyo haiwezi kusubiri amani.

Kuhusu njia, kufungwa kwa Goma hakutufungii kila kitu. Congo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na kwa mtu wa Butembo mlango wa kawaida ni Kasindi, kisha Kasese, na kutoka hapo Mbarara au Kampala. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianzishwa mwaka 1989, mwaka ule ule wa Graben, na kinafundisha udaktari wa akili. Makerere na hospitali ya Butabika ndiko NeuroGAP ya Uganda ilikojengwa. Miezi mitatu ya mafunzo huko kwa wanawake wawili kila mwaka ni rahisi kupanga kuliko shahada ya miaka minne Ubelgiji kwa mtu mmoja ambaye huenda asirudi. Ningependekeza waende wawili wawili, kwa usalama wa njiani na kwa sababu anayerudi peke yake na ujuzi mpya huzimwa haraka na mazoea ya idara yake.

Na kazi ya kuanza nayo ipo: kusanifu kwa Kiswahili cha hapa na kwa Kinande hojaji moja ya saikosisi na moja ya kiwewe, katika zoni za afya za Beni, Butembo na Katwa, chini ya kamati ya maadili ya utafiti, wahojaji wakitoka kwenye ile orodha ya wanawake wa wakati wa Ebola, na mtafiti mkuu akiwa mwanamke wa kitivo cha tiba au cha saikolojia. Pasichukuliwe mate wala damu katika hatua hiyo. Wakuu wa vyuo wakikaa na madaktari wa zoni, protokali inaweza kuwa tayari katika miezi sita, na mshirika wa jenetiki atakayekuja baadaye ataikuta mezani ikiwa na majina ya walioiandika.